Cheti cha Vipande Vitatu

Siku ya kuniaga mlinipa daftari jipya na kalamu mbili, mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla yenu. Kalamu moja haiandiki. Nimeelewa kwamba hamtarajii mengi, basi na mimi nitaandika nipendavyo. Habari za vyeo sitazigusa. Wengi walionizidi vyeo hawakujua rafu ya tatu iko upande gani, na sioni sababu ya kuwasumbua sasa.

Niliingia ofisi ya hati za ardhi hapa Lubumbashi nikiwa msichana, binti wa fundi wa reli kutoka kaskazini, diploma yangu nimeibana kwapani. Nilitegemea kupewa meza. Nilipewa brashi ya viatu. Aliyenipa ni Papa Mwamba, mtunza vitabu, mzee mfupi wa koti la kaki aliyepiga chafya mchana kutwa na kila chafya akawalaumu Wabelgiji.

"Unajua kusoma?" aliniuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Njo tatizo. Bale banajua kusoma banasoma, habapanguse. Weye pangusa mbele. Kusoma kutakuya."

Nilipangusa miezi miwili. Nilipangusa vitabu vizito vya kubebwa kwa mikono miwili, mgongoni vimeandikwa namba kwa dhahabu iliyobabuka. Nilipangusa hata kitabu cha kodi ya mbwa, cha zamani za wakoloni, ambacho komini moja, yaani ofisi ya wilaya ya mji, ilikileta kwetu kwa makosa na hakuna aliyepata nguvu ya kukirudisha. Humo mlikuwa na majina ya mbwa, rangi zao na wenyewe. Nilimuuliza Papa Mwamba kwa nini tunalinda orodha ya mbwa waliokwisha kufa. Akasema mbwa hawajawahi kumletea matatizo, tofauti na watu.

Siku ya kwanza aliyoniruhusu kufungua kitabu, nililamba kidole ili nigeuze ukurasa. Nilipigwa kofi la mkono ambalo nalisikia hadi leo.

"Mate yako inakula majina ya bantu!" alifoka. "Ukitaka kulamba, kalambe sahani kwenu."

Kuanzia siku hiyo aliniita Ngoie wa Mate, na jina lilidumu kuliko ndoa yangu.

Kwa wale kati yenu waliofika wakati wa mashine, nieleze. Cheti cha ardhi kilikuwa pacha. Pacha mmoja ni ukurasa ulioshonwa ndani ya kitabu chetu na haukutoka kamwe. Wa pili ni karatasi aliyopewa mwenye lupango, yaani kiwanja, aende nayo nyumbani. Juu kabisa kulikuwa na kichwa cha chui wa nchi, namba ya kitabu na namba ya ukurasa. Katikati, kiwanja chenyewe na mchoro wake. Chini, sahihi na muhuri wa kubonyeza, ule usio na wino, ambao huuoni vizuri lakini kidole kinausikia. Mapacha wakikutana na kufanana, mambo yamekwisha. Mmoja akikosekana, ndipo watu wa suti huanza kuja ofisini na tabasamu.

Yale waliyoleta watu kwenye dirisha letu wakidhani ni cheti, ningeweza kufungulia jumba la makumbusho. Walileta fishi ya komini, ambayo inaonyesha unaishi pale lakini haisemi ni pako. Walileta barua ya padri. Mama mmoja alileta picha ya harusi, akasema mumewe pale nyuma anaonekana amesimama kwenye lupango. Waliokuwa na cheti cha kweli walikilinda kwa namna ya kukiua. Wengine walikizika ndani ya unga wa mahindi, panya wakasoma kabla yetu. Wengine walikipigilia ukutani, msumari ukapita katikati ya muhuri. Siku hizi mnawaona wanaokifunga ndani ya plastiki ya moto, halafu wanashangaa mkiwaambia hakuna tena pa kuandika wala pa kubonyeza. Msiwacheke mbele yao. Subirini watoke.

Sisi wenyewe hatukuwa na haki kubwa ya kucheka, maana Papa Mwamba alikuwa na njia yake ya kulinda. Kila alipoona mkubwa fulani anakiulizia kitabu fulani mara mbili ndani ya wiki moja, kitabu hicho kilipotea. Alikivua jalada, akakivika la kitabu kingine, akakihamishia asikokujua mtu. Kwenye pengo la rafu aliweka tofali lililofungwa kwa karatasi ya kaki, ili vitabu vya jirani visianguke na mpitaji asione tundu. Mkubwa akija na hamu yake ya kunyofoa ukurasa, Papa Mwamba alimpeleka kwenye rafu, akatikisa kichwa, akawalaumu mchwa. Alinifundisha kushona, kuvisha na kufunga tofali. Hakunifundisha alikoficha nini.

"Kile haujue, habawezi kukukamua," alisema.

Halafu akastaafu, akaenda Kasomeno kwa binti yake anayeuza samaki wakavu, na siri zake zote akaondoka nazo. Niliachiwa funguo, brashi na matofali sita.

Sasa nifike kwenye habari ya watoto wa Ramazani, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Asubuhi moja alifika mwanamke wa makamo, Mama Feza, mshonaji wa vitenge kutoka mtaa wa Hewa Bora. Baba yake, mzee Ramazani, alikuwa fundi wa suti, mtu wa asili ya Maniema, na alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla. Feza alikuwa ametembea haraka na jasho lilimtoka.

"Mama Ngoie, kuko bwana mumoja alikuya na géomètre, banapima lupango yetu. Anasema ni yake. Anasema mwezi hautaisha, tuko inje."

"Certificat ya Baba iko wapi?"

"Iko." Akafuta jasho. "Lakini haiko yote."

"Namna gani haiko yote?"

"Iko tatu."

Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha katikati cha cheti cha ardhi, kimekatwa juu na kukatwa chini, kimenyooka kabisa.

"Baba alikufa, tukakaa shiye batatu," alinieleza. "Tukaona, mumoja akishika mukanda yote, karatasi hii, shetani akimuingia, atauzisha. Babili batalala inje. Njo tukakata. Kila mutoto na kipande yake. Bila shiye bote, hakuna kuuzisha."

"Mulikata na nini?"

"Na makasi ya Baba, ile ya suti. Tulipiga mbele mustari ya chaki, juu ikate muzuri."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika kaunta, na mstari wa chaki ulikuwa bado unaonekana pembeni mwa karatasi, mweupe, wa kifundi. Kisha nikamwona Feza hacheki. Alikuwa anangoja nimalize, kama mtu anavyongoja mvua ipite, ili ajue kama naweza kumsaidia. Niliona aibu, na bado ninayo. Watoto watatu wenye mapenzi na wasiwasi walikuwa wametengeneza kufuli lenye funguo tatu. Kosa lao lilikuwa kutokujua kwamba sisi huku ofisini hatuna mlango wa kufuli hilo.

Shida ilikuwa hivi. Nikitaka kuuona ukurasa wa Ramazani kitabuni, nahitaji namba, na namba ziko kipande cha juu. Kipande hicho alikuwa nacho Idi, mtoto wa pili, anayechimba madini Kambove. Orodha yetu ya majina ingenisaidia, lakini droo ya R mchwa walikuwa wameipitia yote, na zamu hii si mchwa wa kusingiziwa. Na kama ukurasa hauonekani, lupango linahesabika kuwa halina mtu, na lisilo na mtu hupewa aliyefika wa kwanza na suti nzuri. Mkuu wa ofisi wa wakati ule, ambaye nitamwacha bila jina kwa kuwa mjane wake husali karibu na mimi kanisani, alikuwa ameshaweka siku ya kuwasikiliza wote. Tulikuwa na siku tisa.

Feza alipanda gari kwenda Kambove kuchukua kipande. Alirudi na Idi mzima, vumbi jekundu hadi kwenye kope.

"Kipande yangu haitembeake bila miye," alisema Idi, akavua kofia.

Alikuwa amekishonea ndani ya bitana ya kofia. Wazo zuri, ila kichwa cha mchimbaji kinatoa jasho. Chui alikuwepo. Namba ya kitabu ilisomeka. Namba ya ukurasa ilikuwa imeyeyuka na kuwa doa la chai. Niliwaambia si kitu, kitabu kina kurasa mia mbili, nitazigeuza zote bila mate. Nikaenda kwenye rafu, nikashika kitabu chenye namba hiyo, nikavuta.

Lilikuwa tofali.

Nilikaa chini sakafuni. Sijui mlishawahi kumpenda mtu na kutaka kumpiga kwa wakati mmoja, lakini ndivyo nilivyomwaza Papa Mwamba. Tofali lile lilikuwa sahihi yake. Maana yake kitabu ni kizima, na mtu aliwahi kukiwinda, na kilipo anajua mzee mmoja tu, akiwa bado anajua kitu.

Nilikwenda Kasomeno nikiwa juu ya magunia ya lori. Nilimkuta amekaa uani, amekuwa mdogo, koti la kaki limemzidi. Aliniangalia kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mgeni wa jirani.

"Papa, kile kitabu ulifunga tofali, ulikitia wapi?"

"Nani anauliza?"

"Ni miye, Ngoie."

"Ngoie gani?"

"Ngoie wa Mate, Papa."

Alicheka mpaka akapiga chafya, na chafya ikawarudia Wabelgiji. Nikadhani nimempata. Nikamtajia namba ya kitabu, nikamweleza habari za Hewa Bora na wale watoto. Akafumba macho.

"Imbwa," akasema.

"Papa?"

"Kaulize imbwa."

Binti yake akaniambia nisisikitike, kuna siku mzee huzungumza hata na kuku. Nililala njaa kwa huzuni, nikarudi alfajiri juu ya magunia mengine. Tulikuwa tumesimama njiani, dereva anabadilisha gurudumu, ndipo nilipokumbuka mwezi wangu wa kwanza na kile kitabu ambacho hakuna mkubwa yeyote duniani angekiulizia mara mbili. Nilipiga kelele. Abiria wenzangu walidhani nimekanyaga nyoka.

Siku ya kusikilizwa, mkuu wa ofisi alikuwa amempa yule bwana aliyepimisha lupango, mwenye suti ya buluu, kiti chenye mto, na mwanasheria wake kiti kingine. Watoto wa Ramazani walisimama ukutani: Feza, Idi, na mdogo wao Hamisi, kijana mpole aliyebaki nyumbani na mama yao mpaka mama huyo alipofariki, kabla ya mzee Ramazani. Niliingia nimekumbatia kitabu kikubwa kilichoandikwa kodi ya mbwa.

"Mama Ngoie," mkuu alisema, "tuko nasema juu ya lupango, weye unatuletea imbwa?"

"Chef, fungula tu."

Kurasa za mbwa hazikuwemo. Vilikuwemo viwanja. Niligeuza mpaka nikamfikia: Ramazani, fundi wa nguo, Hewa Bora, sahihi yake iliyoandikwa kwa uangalifu wa mtu asiyezoea kalamu. Feza alipoiona alifunika mdomo. Yule bwana wa buluu hakutikisika. Alitoa cheti chake mwenyewe, karatasi mpya yenye tarehe ya zamani, kinachosema alipewa lupango na Serikali kwa kuwa halikuwa na mtu, na mwanasheria wake akasema vitabu vya zamani vina makosa mengi, onyesheni karatasi ya mwenyewe.

Nilikitazama kile cheti kipya, na kuna kitu kikanikwaruza. Sehemu ya chini ilikuwa safi ajabu: sahihi ya mkuu wa zamani ilikuwa yenyewe, mkia kwa mkia. Sehemu ya juu ilikuwa vichekesho. Chui alifanana na paka aliyenyimwa samaki. Nilijiuliza ni mghushi gani anayeijua karatasi nusu tu.

"Muweke bipande," mkuu aliwaambia.

Idi akaweka cha juu. Feza akaweka cha katikati. Hamisi akaweka cha chini na kurudi ukutani upesi. Nilipitisha kidole gumba juu ya muhuri, kwa mazoea tu. Kidole hakikusikia kitu. Palikuwa laini kabisa. Ilikuwa fotokopi, nzuri, ya rangi.

Nilijua pale pale kipande cha kweli kimekwenda kwa nani. Niliwapenda wale watu watatu na niliogopa kufungua kinywa, kwa sababu nikisema, tumeshindwa, na nisiposema, kazi yangu yote ni uongo. Nilibaki na kidole juu ya karatasi. Mwanasheria aliona, akatabasamu, na kama angekuwa na akili ya kunyamaza dakika moja zaidi, lupango lile leo lingekuwa ghala la mtu.

"Hiyo ni copie," alisema. "Ya kweli iko kwetu. Huyu mudogo alituletea yeye mwenyewe. Ni alama kama familia ilikubali kuuzisha." Akafungua faili lake, akakiweka kipande cha kweli mezani ili kuwaaibisha vizuri.

Feza aligeuka polepole. "Hamisi?"

"Yaya, dada yangu, baliniambiaka batanipana kazi ya kuendesha motoka," Hamisi alisema, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Banasema, leta kipande, tuone tu. Tuone tu, Yaya. Habakurudisha. Nikaogopa kukuambia, njo nikafanya copie."

Idi alipiga hatua kuelekea kwake. Feza akamzuia kwa kiganja bila kumtazama. Hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi, na hapo ndipo sisi wafanyakazi wa rafu huwa na faida. Nilinyoosha mkono, nikakivuta kile kipande cha kweli kwenye meza, nikakisukuma chini ya kipande cha Feza. Kikaingia. Mkasi wa mzee Ramazani ulikuwa umekata sawa, chaki ikakutana na chaki, na kiwanja kikawa na kichwa, tumbo na miguu.

"Bwana," nilimwambia yule wa buluu, "certificat yako inasema Serikali njo ilikupana, juu lupango haikukuwa na muntu. Avocat wako anasema ulipata kwa Hamisi. Sasa ya kweli ni gani? Kama haikukuwa na muntu, kwa Hamisi ulifuata nini?"

Mkuu wa ofisi alifumba macho kama mtu anayesikia jino likianza. Yule bwana alimwangalia mwanasheria wake. Nikaongeza, kwa kuwa sikuweza kujizuia, kwamba aliyemchorea sahihi ni fundi kwa sababu alikuwa na kipande cha chini cha kuigizia, lakini kwa chui alibahatisha.

Mambo yalikwenda mahakamani, yakachukua muda wake wa kawaida, yaani watoto wa watu walizaliwa na kuanza shule. Lakini hapakuwa na la kubishania. Mapacha walikuwa wamekutana, na aliyewakutanisha ni adui. Ukurasa wa zamani ulipigwa mstari mwekundu, kikatolewa cheti kipya cha majina matatu.

Nilikitoa mwenyewe dirishani. Niliwaambia neno moja tu, wasikate, nikamnyooshea Feza. Hakukipokea.

"Mupane Hamisi," alisema.

"Yaya!" Idi alipiga kelele, foleni nzima ikageuka. "Hamisi huyu?"

"Weye utaitia mu kofia," Feza alimjibu. "Miye nitaificha mpaka siioni tena. Huyu alishajua namna inaumaka. Huyu hatasahau hata siku moja."

Nilimwambia Feza amerukwa na akili, kwa maneno hayo hayo. Alinitazama kama siku ile nilipocheka, akingoja nimalize. Hamisi alipokea cheti kwa mikono miwili. Nilifunga dirisha kabla ya wakati na kwenda kulia kati ya rafu ya pili na ya tatu.

Papa Mwamba alifariki mwaka uliofuata. Sikuwahi kumwambia kwamba mbwa walijibu.

Majalada nimeyabadilisha tangu hapo, kwa hiyo kama kati ya wasomaji wangu yumo mwenye suti ya buluu, asijisumbue. Ninyi nimewaonyesha kwa mkono, mmoja mmoja, na sitaandika. Mashine zenu nazipenda, ila zinahitaji umeme, na tofali halihitaji.

Kuna jambo moja la kazi ninalowaachia. Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, Hamisi huja ofisini. Cheti chao kipya kiko katika kitabu cha rafu ya mbele, kila mtu anaweza kukiona, lakini yeye haulizii hicho. Anaomba ule ukurasa wa zamani wenye mstari mwekundu, usio na kazi yoyote kisheria. Anauangalia. Anaweka kidole kwenye muhuri, halafu kwenye sahihi ya baba yake, anashukuru na kurudi Hewa Bora. Mwaka huu atawakuta ninyi. Akija, msimwombe namba wala karatasi. Mleteeni kitabu, mnajua nilikokiweka, na mumpe kiti chenye mto.